Kutembea, kukimbia na kupunguza uzito: mazoezi yanasaidia kiasi gani?

Watu wengi wanaopimwa presha au sukari kwenye vituo vya afya huambiwa jambo moja: "Punguza uzito, fanya mazoezi." Wanarudi nyumbani na maswali. Mazoezi gani? Kwa muda gani? Na mbona nachota maji kila siku na kulima, lakini mwili haupungui?

Makala hii inaeleza mazoezi ya moyo na mapafu yanafanya nini mwilini, yanaweza kupunguza uzito kiasi gani, na namna ya kuyafanya kwa usalama ukiwa kambini, kwenye makazi ya wakimbizi au kijiji jirani.

Kwa ufupi

- Mazoezi peke yake hupunguza uzito polepole. Ukibadilisha na chakula, matokeo yanaonekana mapema zaidi.
- Hata uzito usipopungua, mazoezi husaidia kushusha presha na sukari, na huimarisha moyo.
- Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5.
- Si kila mtu anapaswa kupunguza uzito. Ukikonda bila kukusudia, nenda kituo cha afya.

Nani anahitaji kupunguza uzito?

Katika nyumba moja anaweza kuwepo mtoto mwenye utapiamlo na mtu mzima mwenye uzito uliozidi. Hili si jambo la ajabu. Chakula cha bei nafuu mara nyingi ni wanga, mafuta na sukari. Kinashibisha na kuongeza uzito, lakini hakitoshi kumjenga mtoto. Kwa hiyo kuwa na mwili mkubwa hakumaanishi kwamba mtu anakula vizuri au ana pesa.

Kuna vipimo viwili rahisi.

Cha kwanza ni BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Kwa mtu mzima, 25 au zaidi ni uzito uliozidi, na 30 au zaidi ni unene uliopitiliza. Kwa mfano, mama mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60 ana BMI ya 30.5.

Cha pili ni kiuno. Tumia tepu ya fundi cherehani, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Kikizidi 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanamume, hatari ni kubwa zaidi.

Usianze kupunguza uzito bila ushauri wa mhudumu wa afya ikiwa:

- una ujauzito au unanyonyesha;
- uko kwenye matibabu ya kifua kikuu au unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI;
- una umri wa chini ya miaka 18;
- umetoka kuugua au kufanyiwa upasuaji.

Mazoezi ya moyo na mapafu ni yapi?

Ni mazoezi yanayoufanya moyo upige haraka na pumzi iongezeke kwa dakika kadhaa mfululizo. Kutembea haraka, kukimbia, kuendesha baiskeli, kuruka kamba, kucheza mpira na kucheza ngoma yote yamo. Huhitaji ukumbi wala mashine.

Kujua kama unafanya kwa nguvu ya kutosha, jaribu kuongea:

- Unaweza kuongea na kuimba: bado ni polepole.
- Unaweza kuongea lakini huwezi kuimba: ni mazoezi ya wastani. Lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki.
- Unaweza kusema maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi: ni mazoezi makali. Lengo ni dakika 75 hadi 150 kwa wiki.

Zamani watu waliambiwa kwamba zoezi lisilofika dakika 10 halihesabiki. Tangu mwongozo wa WHO wa mwaka 2020, kila dakika inahesabiwa. Ukitembea haraka dakika 7 kwenda bombani na dakika 8 kwenda sokoni, umepata dakika 15.

Kazi za kila siku nazo ni mazoezi. Kulima, kupasua kuni na kubeba dumu la lita 20, ambalo lina kilo 20, vinafanyisha mwili kazi kweli. Lakini ukichunguza siku yako, huenda safari ya bombani inakuchukua dakika 10 na foleni inakuchukua saa 2. Kusimama kwenye foleni hakuupi moyo mazoezi. Na mwili uliozoea kazi ileile kwa miaka mingi hauongezi juhudi mpaka mwendo, umbali au muda ubadilike.

Mazoezi peke yake yanapunguza kilo ngapi?

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo tufanye hesabu pamoja.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takribani kalori 7,700. Yule mama wa kilo 78 akitembea haraka kwa dakika 30, anatumia takribani kalori 150. Akifanya hivyo siku 5 kwa wiki, anatumia kalori 750. Kwa hesabu hiyo, asipobadilisha chakula, atahitaji karibu wiki 10 kupunguza kilo moja.

Sasa angalia upande wa chakula. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takribani kalori 120. Vikombe viwili vya chai, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, vinaleta karibu kalori 100 kutokana na sukari pekee. Nusu saa ya kutembea inaweza kufutwa na chai mbili na andazi moja.

Mama huyo akiacha sukari hiyo na kitu kimoja cha kukaanga kwa siku, huku akiendelea kutembea, anaweza kupunguza kilo moja kwa wiki tatu hadi nne. Kwa miezi mitatu au minne anaweza kufika karibu kilo 4. Hizo ni kilo chache, lakini ni kama asilimia 5 ya uzito wake, na kiwango hicho kinatosha kuanza kuleta nafuu kwenye presha na sukari. Hesabu hizi ni za kukadiria. Miili inatofautiana, na kadiri uzito unavyopungua ndivyo kasi inavyopungua.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kupima nguvu zinazotumiwa na Wahadza, wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Wahadza hutembea kilomita nyingi kila siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu walizotumia kwa siku zilikaribiana na za watu wazima wa Marekani na Ulaya. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi yake kwingine. Ndiyo maana mtu anaweza kulima na kuchota maji kila siku na bado asipungue.

Kama ni hivyo, kwa nini nifanye mazoezi?

Kwa sababu faida kubwa ya mazoezi haionekani kwenye mizani.

- Presha: mazoezi ya mara kwa mara huisaidia kushuka.
- Sukari: misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu.
- Mafuta ya tumboni: yanaweza kupungua hata kama kilo hazijabadilika sana. Ndiyo maana ni vizuri kupima kiuno, si uzito tu.
- Kutorudia unene: wanaoendelea na mazoezi hufanikiwa zaidi kubaki na uzito mpya.
- Usingizi na mawazo: mazoezi husaidia kulala vizuri na kupunguza msongo.

Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ulifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilielekezwa kula kwa kipimo, kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito. Baada ya karibu miaka mitatu, visa vipya vya kisukari katika kundi hilo vilikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko katika kundi lisilopewa mpango huo wala dawa. Wengi wao walikuwa wanatembea tu.

Nibadilishe nini kwenye chakula wakati mgao wenyewe ni mdogo?

Usiruke milo na usijinyime mpaka ukaishiwa nguvu. Pia kumbuka chungu ni kimoja. Watoto wanahitaji mafuta na chakula cha kutosha, kwa hiyo punguza kwenye sahani na kikombe chako, si kwenye chungu cha familia.

- Punguza sukari ya chai kidogo kidogo, kijiko kimoja kila wiki.
- Kunywa maji badala ya soda. Chupa moja ya soda tamu ya mililita 300 inaweza kuwa na sukari sawa na vijiko vidogo vinane.
- Mandazi, chapati, sambusa, rolex na viazi vya kukaanga viwe vya mara mojamoja.
- Punguza tonge la ugali, ongeza maharage na mboga za majani kama sombe, mchicha au dodo. Hata bustani ya magunia mbele ya nyumba inaweza kutoa mboga.
- Pombe nayo ina kalori nyingi, na humfanya mtu ale zaidi.

Ratiba ya wiki 8 kwa anayeanza

- Wiki ya 1 na 2: tembea haraka dakika 10 kwa siku, siku 5.
- Wiki ya 3 na 4: dakika 20 kwa siku, siku 5.
- Wiki ya 5 na 6: dakika 30 kwa siku, siku 5.
- Wiki ya 7 na 8: dakika 30. Ukiwa mzima, kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2, rudia.

Anza na kumaliza kila mara kwa dakika chache za mwendo wa polepole. Siku mbili kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu, kama kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10. Ukiwa na maumivu ya magoti au mwili mzito, kutembea kunatosha. Si lazima ukimbie.

Usalama kwanza

- *Dawa za kisukari.* Ukitumia insulini au glibenklamidi, sukari inaweza kushuka sana wakati wa mazoezi au baadaye. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Beba sukari. Ukiona dalili, simama, kunywa vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji, kisha mwone mhudumu. Usibadilishe dozi mwenyewe.
- *Jua.* Katika maeneo ya joto kali kama Kakuma, fanya mazoezi asubuhi kabla jua halijawa kali, na kunywa maji.
- *Miguu.* Mwenye kisukari asikimbie pekupeku. Kagua nyayo kila jioni.
- *Njia.* Tembeeni kwa vikundi, hasa wanawake na wasichana, na epukeni giza na njia zisizo na watu. Mahali ambapo kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali, chagua njia ya ndani au uwanja wa shule. Mazoezi ya ndani ya nyumba, kama kuruka kamba au kucheza muziki, yana faida ileile.
- *Acha mara moja* na utafute msaada ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, au moyo kwenda ovyo.

Watu watasema nini?

Wengine wanaogopa kupungua kwa sababu majirani watasema, "Huyo ana ugonjwa." Wengine wanaambiwa kwamba unene ni dalili ya maisha mazuri, au kwamba mama anayekimbia barabarani hana adabu. Maneno haya yamewafanya watu wakatishe mazoezi na presha ikapanda kimyakimya. Inasaidia kuwaeleza mapema watu wa nyumbani kwamba ni ushauri wa kituo cha afya, na kutembea na jirani au mwenzako wa kanisani, msikitini au kwenye kikundi cha akiba.

Nawe usimhukumu mwenzako anayepungua. Hujui kama amekusudia, anaumwa, au amekosa chakula.

Lini niende kituo cha afya?

Nenda ikiwa uzito unapungua bila wewe kukusudia, hasa pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kiu nyingi au kukojoa mara kwa mara. Hizo zinaweza kuwa dalili za kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine unaotibika.

Nenda pia kabla ya kuanza mazoezi makali kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au hujawahi kupimwa na umepita miaka 40. Ukifika, muulize mhudumu maswali haya matatu: Presha yangu na sukari yangu ni ngapi leo? Kilo ngapi zinatosha kwangu kupunguza? Dawa ninazotumia zinahitaji tahadhari gani wakati wa mazoezi? Andika majibu kwenye daftari lako la matibabu, na urudi kupimwa baada ya miezi mitatu.