Parafujo ya Mkanda wa Saa: Kwa Nini Inalegea, na Kwa Nini ya Mwenzako Haiingii

Vua saa yako uitazame ubavuni, pale mkanda unapokutana na saa yenyewe. Ukiona kitundu kitupu au kincha laini kisicho na mfereji, basi mkanda wako umeshikwa na pini yenye springi ndani. Ukiona kichwa kidogo chenye mfereji wa bisibisi, hiyo ni parafujo. Wengine wanasema skrubu, na maneno yote mawili ni ya kuja na meli: parafujo tumeitoa kwa Wareno, skrubu kwa Waingereza.

Hiki kidude kina upana wa milimita 1 hivi, wakati mwingine 1 na nusu. Kikitoka, saa haikuagi. Utashtukia mkono mwepesi ukiwa umeshashuka kwenye daladala. Na hata ukiiokota saa, maswali mawili yanabaki. Kwanza, kwa nini parafujo ililegea wakati fundi aliikaza mbele ya macho yako? Pili, kwa nini ukienda na parafujo ya saa nyingine, inayolingana kabisa kwa macho, inaingia mizunguko mitatu kisha inakwama?

Majibu yake ni historia ndefu kuliko unavyodhani. Twende polepole.

Saa ilipohama kutoka mfukoni

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamume wa Ulaya aliweka saa mfukoni, ikiwa na mnyororo. Saa ya mkononi ilionekana kuwa pambo la wanawake. Vita ndiyo iliyobadilisha mambo, hasa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918). Askari aliye handakini, mikono yote miwili ina kazi, hawezi kupekua koti kila anapotaka kujua saa. Na mizinga ilipigwa kwa ratiba: ukichelewa au ukiwahi dakika mbili, unawaua wa kwako.

Saa nyingi za wakati ule zilikuwa na vitanzi vya waya vilivyochomelewa moja kwa moja kwenye kasha, na mkanda wa ngozi ukapitishwa humo. Waya uliochomelewa haulegei. Shida yake ni kwamba hautoki pia. Ukikatika, unamhitaji mtu mwenye moto na risasi ya kuchomelea. Baadaye zikaja pini za springi zinazotoka kwa ncha ya kisu, na kwa saa nzito zenye mkanda wa chuma, parafujo. Sasa mkanda unaweza kufunguliwa na kufungwa. Lakini chochote kinachofunguka kwa kukusudia kinaweza kufunguka bila kukusudia.

Kila karakana na hesi yake

Ule mfereji unaozunguka mwili wa parafujo kama ngazi ya mnara unaitwa hesi. Mafundi wengi wanauita uzi. Umbali kutoka ukingo mmoja wa hesi hadi ukingo unaofuata tuuite hatua. Shika maneno hayo mawili, hesi na hatua, maana kisa chote kiko hapo.

Kwa karne nyingi kila fundi alikata hesi kwa kifaa chake mwenyewe. Parafujo iliingia kwenye tundu lake na si kwingine. Ukifungua mashine ya zamani ilikubidi uweke alama kila parafujo, vinginevyo hutaijenga tena. Karibu na mwaka 1800, Henry Maudslay wa London alitengeneza mashine ya kukereza yenye uwezo wa kukata hesi kwa usahihi, na kuirudia ile ile mara nyingi. Hiyo ilitatua shida ndani ya karakana moja. Kati ya karakana na karakana, vurugu ilibaki pale pale.

Mmoja wa vijana waliopitia karakana ya Maudslay ni Joseph Whitworth. Huyu alikusanya parafujo kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka 1841 akapendekeza mfumo mmoja kwa wote: pembe ya hesi iwe digrii 55, na kila kipenyo kiwe na hatua yake maalumu. Miaka 23 baadaye, mwaka 1864, William Sellers wa Philadelphia akapendekeza mfumo wa Wamarekani wenye pembe ya digrii 60. Tofauti ni digrii 5 tu, lakini hiyo ilitosha nati ya Mwingereza isikae sawa kwenye bolti ya Mmarekani.

Profesa wa Geneva na namba 0.9

Mifumo hiyo ilikuwa ya mashine kubwa: reli, meli, mizinga. Mafundi saa wa Uswisi hawakufaidika nayo. Kazi yao iligawanywa kwa familia na karakana ndogo ndogo, kila moja na vipimo vyake. Wakati huohuo Wamarekani wa kiwanda cha Waltham, Massachusetts, walikuwa wameanza kutengeneza saa kwa mashine, vipuri vikiwa vya kubadilishana. Kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 walileta hadi mashine inayotengeneza parafujo ndogo za saa yenyewe, bila mtu kuishika. Waswisi waliokuwepo walirudi nyumbani na wasiwasi mkubwa, kwa sababu waliona soko lao linaondoka.

Hapo ndipo anapoingia Marc Thury, profesa wa Geneva. Kama Whitworth, alianza kwa kupima parafujo zilizokuwepo tayari kwenye karakana. Mwaka 1878 akachapisha mfumo wake, na ni mfumo mtamu kwa anayependa hesabu. Anza na parafujo namba 0 yenye hatua ya milimita 1. Kila ukishuka namba moja, zidisha hatua kwa 0.9. Kisha kipenyo unakipata kwa kuinua hatua kwa kipeo cha 1.2 na kuzidisha kwa 6. Basi. Kwa sheria mbili unapata familia nzima, kutoka parafujo ya milimita 6 hadi ile usiyoiona bila kioo cha kukuza.

Jaribu mwenyewe kwa simu yako. Namba 10: hatua ni 0.35, kipenyo 1.7. Namba 14: hatua ni 0.23, kipenyo milimita 1 hivi. Waingereza waliupenda mfumo huu, wakauchukua miaka ya 1880 kwa ajili ya vifaa vidogo na kuuita BA.

Ila mwaka 1898, wajumbe waliokutana Zürich wakakubaliana juu ya mfumo mwingine, wa kimetriki, wenye pembe ya digrii 60. Humo ndimo ilimokulia parafujo ya leo inayoitwa M1: kipenyo milimita 1, hatua 0.25.

Umeona? Namba 14 ya BA na M1 zote zina kipenyo cha milimita 1. Kwa jicho ni mapacha. Lakini moja inapanda 0.23 kwa kila mzunguko na nyingine 0.25. Baada ya mizunguko 5, moja imesafiri milimita 1.15, nyingine 1.25, yaani tofauti ni karibu nusu ya hatua nzima. Juu ya hapo pembe zao ni tofauti: 47.5 kwa 60. Ndiyo maana parafujo ya mwenzako inaingia kidogo kisha inagoma. Ukiilazimisha, inatafuna hesi ya kasha, na sasa hata parafujo halisi haitashika.

Usidhani ni mambo madogo

Tarehe 7 Februari 1904 moto ulizuka katikati ya jiji la Baltimore, Marekani. Magari ya zimamoto yalipakiwa kwenye treni kutoka Washington, na mengine yakaja kutoka Philadelphia na New York. Walifika wakiwa na mipira ya maji, watu na mashine. Wengi wao hawakuweza kufunga mipira hiyo kwenye mabomba ya jiji, maana hesi za viungio hazikulingana. Maji yapo, mpira upo, moto unawaka mbele yako, na kinachokuzuia ni hesi. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea.

Katika Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani na Waingereza waligundua tena kuwa vipuri vyao havishikani, wakiwa upande mmoja wa vita. Mnamo Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini mfumo mmoja wa hesi za inchi. Saa, kwa kuwa nyumbani kwake ni Uswisi, zilibaki na milimita.

Kwa nini inalegea

Sasa swali la kwanza. Watu wengi husema, "Haikukazwa vizuri." Mara nyingine ni kweli. Ila mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alichapisha majaribio yaliyoonyesha jambo lisilotarajiwa: kinacholegeza parafujo haraka zaidi ni kusogea kwa ubavu kwa vitu vilivyofungwa. Kuvuta na kuachia kwa kufuata urefu wa parafujo hakuna nguvu hiyo.

Fikiria sanduku juu ya ubao ulioinama kidogo. Limetulia, msuguano umelishika. Sasa lisukume kwa ubavu. Litaenda ubavuni, lakini pia litashuka kidogo, ingawa hakuna aliyelisukuma chini. Msuguano ulikuwa na kazi moja ya kufanya. Ulipoanza kupambana na ubavu, haukubakiwa na nguvu ya kuzuia mteremko. Na hesi ni nini kama si ubao ulioinama, uliozungushiwa nguzo? Kila msuko mdogo wa ubavuni unaishusha parafujo kidogo sana.

Mkono wako ndio unaofanya kazi hiyo kutwa nzima. Kila ukikunja kiwiko, ukipiga makofi, ukifua, kipande cha mkanda kinazunguka kwenye parafujo na kuisugua. Jasho na sabuni vinaingia na kulainisha. Basi anayeikaza kwa nguvu kubwa hatibu ugonjwa wenyewe, na anaongeza mwingine: kichwa kinachanika, au hesi inakatika.

Profesa mwingine, na gundi inayochukia hewa

Dawa ilitoka kwa mwanakemia. Mwaka 1953, Vernon Krieble, profesa wa chuo cha Trinity mjini Hartford, Connecticut, alitengeneza kimiminika kinachobaki maji kikiwa na hewa, na kuganda kikikosa oksijeni huku kikigusa chuma. Ndani ya hesi iliyokazwa hakuna hewa ya kutosha, basi kinaganda humo na kuziba nafasi zote. Parafujo haiwezi tena kusogea kwa ubavu. Ndiyo maana chupa za gundi hiyo, ambayo ulimwengu uliijua kwa jina la Loctite, haijazwi mpaka juu. Ile hewa iliyobaki ndiyo inayoiweka hai.

Ukiwa na parafujo mbovu leo

Usitupe parafujo ya zamani, hata ikiwa imekatika. Iweke kwenye karatasi uende nayo kwa fundi saa, maana hiyo ndiyo ushahidi wa hatua. Kipenyo peke yake, kama ulivyoona, hakitoshi.

Bisibisi iwe na ncha inayojaza mfereji wote, kwa upana na unene. Ncha nyembamba itapanda na kuchana kichwa.

Unapoingiza, izungushe kwanza kinyume mpaka uhisi imedondoka kwenye hesi, ndipo ukaze. Ikigoma kabla ya mizunguko ya mwisho, simama. Chuma cha stenlesi kikisuguana na chenzake kwa nguvu hung'ang'aniana, na hapo hata fundi atatoka jasho.

Safisha mafuta na jasho, kausha, kisha weka tone dogo la gundi ya hesi ya nguvu ya wastani, kwa ncha ya sindano. Ya nguvu kubwa itadai moto siku ya kufungua. Gundi ya kawaida ya kubandikia viatu si mbadala wake.

Na ikikatikia ndani? Mafundi saa wana mbinu ya zamani inayotumia shabu, ile ile inayouzwa sokoni. Maji ya shabu yenye joto hula parafujo ya chuma cha kawaida polepole na kuacha brasi au dhahabu iliyoizunguka. Lakini mashine ya saa lazima itolewe kwanza, na kama kasha lenyewe ni la chuma, usithubutu. Parafujo ya stenlesi nayo haitaiogopa shabu. Hapo mpelekee mwenye mashine ya kutobolea.

Hadi leo wapo watengenezaji wanaochagua parafujo za vipimo vyao wenyewe, hata kwa vitu vya milimita 1, na fundi wa mtaani anabaki akichonga moja moja kwa mkono kama ilivyokuwa kabla ya Whitworth. Kwa hiyo ukinunua saa, kabla ya kuuliza kama inaingia maji, muulize muuzaji: parafujo ya mkanda huu nikiipoteza, nitaipata wapi?