Nyumba ya Kawaida kama Hati ya Historia: Urithi wa Makazi ya Familia ya Miaka ya 1919–1939 katika Miji ya Jinja na Mbale

Utangulizi

Mjadala wa urithi wa majengo nchini Uganda kwa kawaida huanzia kwenye makaburi ya wafalme, ngome na nyumba za ibada. Mfano unaotajwa zaidi ni Makaburi ya Kasubi, yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001. Makala haya yanageukia jengo la hadhi ya chini zaidi: nyumba ya familia moja, isiyo ya ghorofa, iliyojengwa baina ya Vita Kuu mbili katika vitongoji vya Jinja na vya Mbale, mji ulio chini ya Mlima Wanale. Hoja yetu ni kwamba thamani ya nyumba hiyo haitokani na umaridadi wake wala sifa za msanifu wake. Inatokana na ushahidi inaoubeba, na ushahidi huo haulindwi na utaratibu wa kuhifadhi jengo mojamoja.

Pamba, reli na makazi

Miji hii miwili ilikuzwa na pamba. Reli ya Busoga, iliyounganisha Jinja na Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912. Mbale, mji uliochipuka kutokana na makao ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20, ulifikiwa na tawi la reli la Tororo–Soroti lililokamilika mwaka 1929. Mwaka 1931 daraja la reli juu ya Mto Naili pale Jinja liliiunganisha Kampala na bandari ya Mombasa. Viwanda vya kuchambua pamba vilifuatwa na makarani, mafundi, watumishi wa Serikali na wafanyabiashara, wengi wao wakiwa na asili ya Gujarat.

Mfanyabiashara wa kwanza aliishi nyuma ya duka lake. Biashara iliponawiri, baadhi ya familia zilihamishia makazi kwenye viwanja vya kando, duka likabaki barabara kuu. Kwa hiyo nyumba ya kitongoji ni alama ya badiliko la kijamii: kazi na maisha ya nyumbani yalianza kutengana, na familia iliyokuja kuchuma ikaanza kujiona mkaazi.

Kuisoma nyumba

Ramani ya nyumba hizi inafahamika. Msingi umeinuliwa juu ya ardhi kuzuia unyevu na mchwa. Kuta ni za matofali. Paa ni la mabati au vigae. Mbele kuna baraza pana, kisha sebule na vyumba vichache vya kulala. Jiko limetengwa nyuma, na mwisho wa ua kipo chumba cha mtumishi.

Mpangilio huo ulitokana na tabianchi, na pia na siasa. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne, na usafi wa miji ukawa shughuli kuu ya utawala. Profesa W. J. Simpson, aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1913, alipendekeza makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe kwa ukanda wa ardhi isiyojengwa. Ubaguzi huo unasomeka katika umbali wa mtaa na mtaa. Ndani ya kiwanja kimoja, unasomeka katika umbali kati ya baraza na chumba cha mtumishi. Anayehifadhi uso wa nyumba na kubomoa majengo ya nyuma huhifadhi historia ya mwenye nyumba na kufuta ya aliyempikia.

Tabaka za umiliki

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Nyumba walizoziacha ziliwekwa chini ya bodi ya kusimamia mali zao, zikapata wakaazi wapya. Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya 1982 ilifungua njia ya kuzirejesha, na urejeshaji mwingi ulifanyika katika miaka ya 1990. Baraza lililozibwa kuwa chumba na sebule iliyogawanywa ili familia mbili zienee mara nyingi huhesabiwa kuwa uharibifu. Sisi tunaziona kuwa kurasa za hati ileile. Kuirudisha nyumba katika sura yake ya 1930 ni kufuta maisha ya Waganda walioishi humo baada ya 1972.

Pingamizi na sera

Yapo maoni kwamba majengo haya ni mabaki ya ukoloni na hayastahili fedha za umma. Pingamizi hilo lina uzito, lakini kuhifadhi si kusifu. Jengo likitoweka, ushahidi wa ubaguzi na wa ufukuzaji hutoweka nalo.

Suala hili ni la dharura. Tangu Jinja na Mbale zipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, kiwanja chenye nyumba moja ya chini kinashindana na jengo la ghorofa. Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria ya 2023 imetoa fursa ya kupanua dhana ya urithi. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mitaa ilindwe kwa ujumla wake, kama Mombasa ilivyofanya kwa Mji wa Kale mwaka 1990. Pili, kibali cha kubomoa kitanguliwe na vipimo, michoro, picha na masimulizi ya wakaazi wa vipindi vyote, wapangaji na watumishi wakiwemo. Tatu, mwenye nyumba anayeitunza apunguziwe kodi ya majengo, kwani si haki mtu mmoja abebe peke yake gharama ya kumbukumbu ya wote.