Kizuia Oksidisho na Jaribio la Emalsheni

Kizuia oksidisho ni kitu ambacho, kikitiwa kidogo tu katika chakula chenye mafuta, huchelewesha mafuta hayo kuharibiwa na oksijeni ya hewa. Huchelewesha tu, hakikomeshi. Makala za afya za Kiswahili zimezoea kukiita "kiondoa sumu", jina linalouza lakini linalopotosha: ndani ya chupa ya mafuta ya alizeti hakuna sumu inayoondolewa, kuna mmenyuko unaocheleweshwa. "Antioksidanti" halina kosa, ila halimfumbulii msomaji chochote. "Kizuia oksidisho" linataja kazi yenyewe, ndiyo maana linafaa zaidi.

Oksidisho la mafuta huenda kwa mnyororo. Asidi ya mafuta yenye bondi maradufu hupokonywa atomu ya hidrojeni na kugeuka radikali huru. Radikali hiyo hudaka oksijeni, kisha nayo humpokonya jirani yake hidrojeni, na mchezo unaendelea. Zao la kwanza ni hidroperoksidi, ambazo hazina harufu. Zikivunjika ndipo zinapotoka aldehidi kama heksanali, na hapo pua inajua kwamba mafuta yamechacha. Neno hilo "kuchacha" hubeba mambo mawili tofauti, kwani uji na tui huchachishwa na vijidudu, ilhali mafuta ya chupani huharibiwa na hewa. Kizuia oksidisho hakina kazi na vijidudu.

Viziduo vya mimea, yaani dutu zilizotolewa kwenye mmea, huitwa vizuia oksidisho kwa sababu vina fenoli, ambazo hutoa hidrojeni yake kwa radikali na kukata mnyororo. Maabara nyingi hupima uwezo huo kwa DPPH, radikali ya rangi ya zambarau inayoyeyushwa katika methanoli au ethanoli. Kiziduo kikitiwa humo, zambarau hufifia kuelekea manjano, na kufifia huko husomwa kwa mwanga wa nanomita 517. Jaribio ni jepesi na rahisi, na pengine ndiyo sababu limetumiwa kupita kiasi. Ndani ya bomba hilo hamna mafuta, hamna maji ya chakula, hamna chuma. Linaonyesha kwamba kiziduo kinaweza kutoa hidrojeni. Halionyeshi kama kitaokoa mayonezi.

Mayonezi, maziwa na tui la nazi ni emalsheni: matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakizuiwa yasiungane na protini au kitu kingine kinachokaa kwenye ngozi ya tone. Oksidisho huanzia zaidi kwenye ngozi hiyo, mahali mafuta yanapokutana na maji. Kwa hiyo swali si nguvu ya kizuia peke yake, bali kimekaa wapi.

Rozimari ni mfano mzuri. Kiziduo chake, kilichoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2010 kwa namba E 392, kina asidi ya karnosiki na karnosoli, zinazopenda mafuta. Majani yenyewe yana pia asidi ya rozmariniki, inayopenda maji. Mwanakemia Edwin Frankel na wenzake walizilinganisha mwaka 1996. Katika mafuta matupu, asidi ya rozmariniki ilifanya kazi vizuri na karnosoli ikabaki nyuma. Katika emalsheni mambo yaligeuka: karnosoli ikapanda na asidi ya rozmariniki ikashuka, kwa kuwa ilikimbilia majini, mbali na tone. Mtafiti William Porter na wenzake walikuwa wameshaeleza mwelekeo huo mwaka 1989. Hata hivyo kupenda mafuta kuna kikomo. Asidi ya klorojeniki, ile ya kahawa, ilipounganishwa na minyororo ya kaboni mirefu na mifupi, ufanisi wake katika emalsheni ulipanda hadi kaboni 12, kisha ukaporomoka.

Jaribio la emalsheni lenyewe huanza kwa kuyasafisha mafuta, kwa kawaida kwa kuyapitisha kwenye alumina, ili tokoferoli zake za asili, ambazo nazo ni vizuia oksidisho, zitoke. Zikibaki, haijulikani nani anayelinda. Mafuta huchanganywa na maji yenye pH iliyodhibitiwa na kitu cha kushikilia matone, kama Tween 20, kisha husagwa kwa mashine mpaka matone yawe madogo sana. Kiziduo hutiwa katika baadhi ya chupa, nyingine huachwa bila kitu kwa kulinganishia, na zote huwekwa gizani katika joto kama nyuzi 37. Kila baada ya muda hupimwa hidroperoksidi na pia heksanali. Kupima kimoja tu ni hatari: hidroperoksidi zinaweza kupungua kwa sababu zimezuiwa, au kwa sababu zimekwisha kuvunjika na chakula kimezidi kuharibika.

Tui la nazi, lililo karibu sana na msomaji wa pwani, halifai kwa jaribio hili. Takriban asilimia 90 ya asidi zake za mafuta hazina bondi maradufu, hivyo mafuta yake huoksidika polepole mno. Mafuta ya samaki ndiyo yanayoleta jibu haraka.

Kinachovuruga matokeo mara nyingi ni chuma. Ayoni zake huvunja hidroperoksidi, na fenoli nyingine huzirudisha katika hali yake kali zaidi, ya Fe²⁺. Katika mayonezi yenye mafuta ya samaki, vitamini C imeonekana kuchochea oksidisho, kwa kuwa katika uchachu wa mayonezi husaidia chuma cha kiini cha yai kuachiliwa. EDTA, ambayo haikati mnyororo wowote wa radikali bali hukifunga chuma hicho, huyalinda vizuri. Katika chakula hicho, basi, EDTA ndiyo kizuia oksidisho, na vitamini C ni kichochezi cha oksidisho, ingawa kwa DPPH ingepata alama za juu.