Ugomvi wa Sauti ya Tano

Sonata ya watatu aghalabu huchezwa na watu wanne. Jina hilo humtatiza msikilizaji mgeni, lakini hesabu yake ni sahihi, kwani hazihesabiwi nafsi za wachezaji ila mistari iliyoandikwa: fidla mbili juu, zikishindana na kupatana, na besi moja chini yao. Besi hiyo ina watumishi wawili. Mmoja huipiga kwa upinde katika fidla kubwa. Wa pili, mpiga kinanda, huisoma pamoja na tarakimu zilizotiwa juu ya noti, na kwa tarakimu hizo hujaza mwenyewe sauti za kati ambazo mtungaji hakuziandika. Basi sehemu ya kazi iliachwa amana kwa elimu ya mchezaji.

Fundi aliyeipa sonata hii heshima kuu ni Arcangelo Corelli, aliyezaliwa Fusignano, Italia, mwaka 1653. Mwaka 1670, angali kijana wa miaka 17, alipokewa katika chama cha wanamuziki cha Bologna, Accademia Filarmonica. Sonata zake 12 za kwanza zilipopigwa chapa Roma mwaka 1681, kwa heshima ya Malkia Christina wa Uswidi, ukurasa wa mbele ulimtaja kwa lakabu ya Mtu wa Bologna. Lawama ikatoka huko huko.

Mwaka 1685 alitoa kitabu cha pili, cha sonata za ukumbini, zilizofuata miendo ya dansi. Katika sonata ya tatu, kwenye kipande kiitwacho Allemanda, mafundi wa Bologna, Giovanni Paolo Colonna akiwa miongoni mwao, waliona fidla ya kwanza na besi zikiandamana kwa umbali wa sauti ya tano, mara kwa mara. Sheria ya utungaji ilikataza jambo hilo, kwa kuwa sauti mbili zikifuatana hivyo, moja hupoteza uhuru wake ikawa kivuli cha mwenziwe. Swali likapelekwa Roma kwa barua.

Jibu la Corelli, la Oktoba mwaka ule, lilikuwa kali. Alisema kuwa katika besi ameweka kituo cha kimya mahali pa nukta ya kurefusha noti; kama angaliweka nukta, hata wanaoanza kujifunza wasingaliona taabu, lakini alitaka noti ikatike na kufifia ipate kusikika vizuri zaidi. Akataja mabingwa wa Roma waliokuwa upande wake, akiwamo Matteo Simonelli, mwalimu wake. Kwa jicho, watu wa Bologna hawakukosea. Tano zile zipo karatasini. Corelli aliamua kwa sikio, na sikio ndilo lenye haki ya mwisho katika muziki. Hata hivyo ukali wake waonyesha kuwa jeraha lilikuwa la mtoto aliyesutwa na nyumba iliyomlea.

Vitabu viwili zaidi vilifuata, mwaka 1689 na 1694, jumla sonata 48. Corelli alifariki Roma mwaka 1713 akazikwa Pantheon. Mwaka 1724 François Couperin wa Ufaransa alichapisha sonata ya watatu inayosimulia jinsi Corelli alivyopokewa juu ya mlima Parnassus.