Bei ya Jirani: Kutoka Kinangop 1960 Hadi Buruburu

Broka alikuja Jumamosi asubuhi, shosho akiwa bado anamwagilia sukuma zake hapo mbele ya nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai, akauliza kama paa limewahi kuvuja, akapiga picha mbili tatu, halafu akasema, "Mama, hapa Buru siwezi kukupatia zaidi ya milioni nane. Hiyo ya pale kona imeenda saba na nusu. Wanunuzi wote wanajua."

Shosho hakujibu. Aliyejibu ni anko: "Basi nane si mbaya."

Mimi nilikuwa nimekaa kwa ngazi na simu yangu, nikijifanya sisikii. Lakini manze, hiyo ya pale kona tunaijua sote. Wenyewe walichukua mkopo wa biashara wakaweka nyumba rehani, biashara ikafa, benki ikaipeleka mnada. Walihama Jumapili na lori moja, na hakuna mtu wa njia yetu aliyejua aseme nini, kwa hivyo tuliangalia tu. Shosho aliwapelekea chapati. Sasa miezi michache baadaye, ile siku mbaya ya watu wengine inaitwa "bei ya mtaa" na inawekwa mezani kwetu kama risiti.

Hapo ndipo nilianza kusoma. Wanaonifuata hapa mnajua tabia yangu, swali dogo la nyumbani linanipeleka miaka sitini nyuma saa nane usiku. Hili lilinipeleka hadi kwa baba yake shosho.

Kwanza tuelewane jinsi hii kitu inafanya kazi, kwa sababu broka hakuwa anatunga. Nyumba haina bei iliyoandikwa kwa ukuta kama soda. Ikitaka kuuzwa, kila mtu anaangalia kando: iliyofanana nayo, karibu nayo, iliyouzwa juzi, ilienda ngapi? Hata mnunuzi akikupenda na akubali milioni kumi na mbili, kama anachukua mkopo, benki yake itatuma mthamini, na mthamini ataangalia mauzo ya karibu. Akiandika tisa, mkopo utahesabiwa kwa hiyo tisa, na mnunuzi wako atarudi akiwa na uso mrefu. Kwa hivyo jirani akiuza, ni kama amekuuzia kipande cha nyumba yako pia, na hakukuuliza.

Shida ya kwetu ni kwamba bei ya jirani yenyewe ni uvumi. Ukifanya utafutaji rasmi wa hati, kwa kawaida unaona mwenye nyumba ni nani na kama ina deni. Pesa iliyolipwa huoni. Na hata ile inayoandikwa kwa karatasi za kuhamisha umiliki, wote tunajua mchezo. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, analipa mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji, ile ya muuzaji, ilirudishwa 2015 ikiwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Kwa hivyo kuna bei ya karatasi na kuna bei ya mfukoni, na serikali nayo ina mthamini wake wa kuangalia nani anadanganya. Mnada ndio bei moja ambayo hutangazwa wazi. Ndiyo maana inasikika kwa sauti kubwa kuliko zingine, hata kama ndiyo mbovu zaidi kulinganishia.

Sasa turudi nyuma.

Miaka ya 1950, ardhi nzuri ya Kenya ya juu, ile iliitwa White Highlands, ilikuwa soko lililofungwa. Amri ya 1939 kutoka London ilikuwa imeweka mipaka yake kisheria, na Mwafrika au Mhindi hangeweza kununua shamba huko. Mzungu alimuuzia Mzungu. Hata mijini, hati nyingi zilikuwa na masharti ya rangi, kwamba ploti hii asiishi mtu wa aina fulani isipokuwa kama mtumishi. Bei ya shamba la settler ilikuwa inashikiliwa na imani moja tu, kwamba kutakuwa na settler mwingine nyuma yake wa kununua.

Halafu Januari na Februari 1960, kukawa na mkutano Lancaster House, London. Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, akaweka wazi kwamba Kenya inaelekea kutawaliwa na walio wengi. Michael Blundell, kiongozi wa settlers waliokuwa tayari kukubali mabadiliko, aliporudi Nairobi settler mmoja alimrushia sarafu thelathini pale uwanja wa ndege. Yaani Yuda.

Na soko la mashamba likaanguka. Fikiria vile liliporomoka: hakuna mvua iliyokosa, hakuna ng'ombe aliyekufa, udongo wa Kinangop ulikuwa uleule wa wiki iliyopita. Kilichopotea ni mnunuzi. Ukiwa umejenga soko ambalo watu wa rangi moja tu ndio wanaruhusiwa kununua, siku hao wakianza kufunga mizigo, huna soko. Na yule wa kwanza aliyekubali bei ya kutupa ili apate nauli ya kurudi Uingereza au kwenda Rhodesia, alikuwa ameshusha bei ya majirani wake wote hadi mwisho wa bonde. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu ni ile nyumba ya kona kabisa.

Lakini angalia walichofanya. Settlers hawakukaa kwa ngazi wakisema nane si mbaya. Walienda London na hoja moja, na walikuwa wameipanga vizuri: bei ya sasa ni bei ya hofu, si bei ya shamba. Msitupimie kwa jirani aliyekimbia. Tupimieni kwa vile mambo yalikuwa kabla ya hofu.

Na wakasikizwa. Uingereza haikutaka kuona uchumi wa mashamba ukisambaratika huku uhuru unakaribia, na haikutaka wazungu wenye hasira wakiporwa au wakisema wameporwa. Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza 1962, ambapo serikali ingenunua mashamba ya settlers na kuyagawa kwa Waafrika, viwango vilivyotumika kuthamini vilikuwa vya 1959. Mwaka mmoja kabla ya Lancaster House. Mauzo ya majirani ya 1960 na 1961 yakawekwa kando kana kwamba hayakutokea.

Si pesa ya bure hiyo. Ililipwa na nani? Karibu familia 35,000 zilipewa mashamba kwa mpango huo, na sehemu kubwa ya bei ya ardhi waliichukua kama mkopo wa miaka 30. Baba yake shosho alikuwa mmoja wao. Walihamia Njabini, Kinangop, shosho akiwa msichana wa miaka kama kumi na tatu. Anakumbuka baridi, anakumbuka nyumba ya mbao, na anakumbuka neno "deni" likitajwa jioni kama jina la mtu wa familia. Maziwa yalienda kwa deni. Pareto ilienda kwa deni. Alipoanza shule ya upili, karo ilisubiri deni. Wengi walichelewa kulipa miaka yote ya sitini na sabini, na si kwa sababu ya uvivu. Shamba la ekari chache lilikuwa linalipa bei iliyopimwa kwa soko ambalo halikuwepo tena.

Kulikuwa na waliosema waziwazi kwamba hii si haki. Bildad Kaggia, aliyefungwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, alikataa wazo kwamba watu wanunue ardhi iliyochukuliwa kutoka kwao, na hiyo vita ilimtoa kwenye uwaziri msaidizi 1964. Upande ulioshinda ulikuwa na msemo wake ambao bado tunausikia hadi leo: muuzaji aliye tayari, mnunuzi aliye tayari. Unasikika vizuri sana. Lakini 1962 yule muuzaji alikuwa tayari kwa bei ya 1959, na mnunuzi alikuwa tayari kwa sababu hakuwa na ardhi kabisa. Mimi hapo siwezi kuita tayari.

Nilimsomea shosho hizi vitu Jumatano jioni. Hakushangaa vile nilitarajia. Alisema tu, "Kwa hivyo baba alilipa ya juu kwa sababu wazungu waliogopa, na mimi nipokee ya chini kwa sababu jirani yangu alifilisika."

Hiyo ndiyo sentensi nilikuwa natafuta wiki nzima, na yeye aliitoa akichambua maharagwe.

Nitasema ukweli, mchezo huu pia unaenda upande mwingine, na hakuna mtu hulia ukienda hivyo. Eastleigh ya miaka ya 1980 ilikuwa mtaa wa kawaida wa nyumba za zamani na gesti. Somalia ikaanguka 1991, watu wakaja wakikimbia vita, wengine na mtaji na wengine na akili ya biashara tu, na gesti iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka soko, kila chumba duka. Jirani akaona, naye akageuza. Mwenye nyumba ambaye hakuwa amefanya chochote, hata rangi hajapaka, akaamka na kupata ploti yake inatafutwa. Thika Road ilipofunguliwa 2012, vivyo hivyo, Ruiru na Juja watu waliuza ploti kwa bei ambayo wazazi wao wangesema ni matusi. Hakuna aliyesema "hapana, nipimieni kwa kabla ya barabara."

Kwa hivyo sisemi bei ya jirani ni uongo. Ninachouliza ni jirani gani, na siku gani ya maisha yake.

Na hapa ndio nilipata kitu cha kushika. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inasema benki inayouza nyumba ya mtu ina wajibu kwake wa kutafuta bei nzuri zaidi inayoweza kupatikana wakati huo. Bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imevunja wajibu huo hadi ijitetee. Ukisoma hiyo polepole, sheria yenyewe inakubali kwamba bei ya mnada na bei ya soko ni vitu viwili. Ndiyo maana ripoti ya mthamini huwa na namba mbili, ya soko na ya kuuza kwa kulazimishwa. Broka alitupea ile ya pili akaiita ya kwanza.

Tulilipa mthamini aliyesajiliwa. Ilikuwa pesa, na anko alilalamika. Yule dada alikuja na kamba ya kupimia, akauliza maswali ambayo broka hakuuliza. Buruburu nyumba zilijengwa zikifanana miaka ya sabini, kwa awamu, kwa pesa za CDC ya Uingereza (hao hao walikuwa pia kwenye kukopesha mpango wa mashamba, dunia ni ndogo), lakini leo hakuna mbili zinafanana. Mmoja ameongeza vyumba nyuma, mwingine amefungua duka mbele. Ya kona ilikuwa vilevile ilivyojengwa, na benki iliikuta na mabomba yamekufa. Ya shosho ina vyumba viwili vya nyuma ambavyo guka alijenga kabla ya kustaafu, na vimekuwa na wapangaji tangu nikiwa mtoto. Dada aliandika mauzo matatu ya awamu yetu. Ya mnada aliitaja, akaeleza kwa nini ameipa uzito mdogo, akaendelea.

Namba ya soko ilikuwa kumi na moja na laki nne.

Anko alinyamaza kidogo halafu akasema kwamba mthamini hanunui nyumba. Ni kweli. Riba zilipanda sana 2024, wanunuzi wa mkopo wamekuwa wachache, na nyumba inaweza kukaa mwaka mzima ikingoja hiyo kumi na moja. Anko ana haraka zake na sitaziandika hapa. Shosho naye ana goti, na zile ngazi za kwenda chumbani zimekuwa mlima. Kungoja pia kuna bei, na si mimi ninayepanda ngazi.

Mwishowe ilienda kumi na laki sita, kwa familia changa kutoka Umoja, baada ya miezi mitano. Broka mwingine.

Wiki ya kuhama, mzee wa nyumba ya tatu alikuja jioni na kofia yake mkononi. Ameishi hapo tangu siku ya kwanza, na watoto wake wote wako nje. Alimsalimia shosho, akakaa, akazunguka na habari za mvua na za kanisa, hadi akafika alipokuwa anaenda.

"Nasikia umeuza. Kuna kijana ameniambia hapa ni nane. Wewe ulipata ngapi?"

Shosho alinituma jikoni nilete chai, halafu akanirudisha kabla sijafika mlangoni.

"Na ulete ile karatasi ya mthamini. Iko kwa droo."

Nilipotoka kuchukua thermos, walikuwa wameiweka katikati ya meza, mzee amevaa miwani, na shosho alikuwa ameweka kidole kwenye ile sehemu inayoeleza nyumba ya kona.