Jinsi ya kukadiria mawe ya kupamba uwanja wa nyumba

ANAYETAKA kupamba uwanja wa nyumba yake kwa mawe aghalabu huanza kwa kumuuliza muuzaji: "Nitahitaji lori ngapi?" Swali hilo humwacha mikononi mwa mtu ambaye faida yake hutegemea jibu lenyewe. Akiletewa kupita kiasi, atakuwa amelipia rundo la kuziba njia. Akiletewa pungufu, atagharimia usafiri mara ya pili, na huenda mawe ya awamu hiyo yasilingane kwa rangi na ya kwanza. Hesabu ya kuepuka hasara hiyo ni ya shule ya msingi.

Eneo

Chukua futikamba upime kwa mita urefu na upana wa mahali patakapotandazwa mawe, kisha uzidishe. Uwanja usio na umbo moja ugawe katika mistatili, pembetatu na duara, ukikokotoa kila kipande peke yake. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. La duara ni 3.14 mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Ondoa sehemu za maua na miti.

Kina

Kwa njia ya miguu au bustani, sentimita 5 hutosha iwapo mawe hayazidi milimita 20. Mawe yakiwa makubwa zaidi, kina kisipungue maradufu ya ukubwa wa jiwe, la sivyo udongo utaonekana na magugu yatachomoza. Hapa ndipo wengi hukosea: sentimita sharti zigeuzwe kuwa mita kabla ya kuzidisha. Sentimita 5 ni mita 0.05, wala si 0.5. Kosa hilo la nukta huleta mawe mara kumi ya yanayohitajika.

Uzito

Mita moja ya ujazo ya kokoto au mawe ya mto huwa na takriban tani 1.5. Mawe mepesi ya volkano yenye vitundu huweza kuwa chini ya tani moja, hivyo ni heri kuyaagiza kwa ujazo.

Tuchukue uwanja wa mita 8 kwa 5, wenye bustani ya duara ya kipenyo cha mita 2 katikati. Mita 40 za mraba ukiondoa 3.14 hubaki takriban 37. Zidisha kwa 0.05 upate mita 1.85 za ujazo, nazo ni karibu tani 2.8. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya mawe yatakayozama au kutawanyika, na jumla itakuwa tani 3 na ushei, yaani magunia 61 ya kilo 50.

Mzigo ufikapo

Pima bodi ya lori kwa ndani kabla mawe hayajamwagwa: urefu, upana na kimo cha mzigo. Mawe yakishamwagwa, ni vigumu kuthibitisha upungufu. Aidha, mawe yaliyoloa huwa mazito zaidi; anayenunua kwa uzito baada ya mvua hulipia na maji.

Andika vipimo vyako vyote karatasini na uwe navyo unapoagiza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.