Behewa la Abiria la TAZARA katika Bonde la Kilombero

Mabehewa ya abiria ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yaliyoundwa China katika miaka ya 1970, ndiyo ya kwanza kupita Ifakara na kuvuka bonde lote la Kilombero. Kabla yake reli iliishia ukingoni mwa bonde: tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa lilifika Kidatu katika miaka ya 1960, likikihudumia zaidi kiwanda cha sukari. Kutoka hapo msafiri wa Ifakara alitegemea barabara, na wa Mlimba alikuwa taabuni zaidi. Masika yakianza, mito inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa, kama Ruipa, Mngeta na Kihansi, ilikata njia, na vijiji vikakaa wiki nyingi bila gari.

Mkataba wa kujenga reli ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, kazi ikazinduliwa Oktoba 1970, na mwishoni mwa 1971 njia ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Mlimba. Mang'ula palikuwa na kambi kuu ya wajenzi pamoja na karakana kubwa ya mitambo. Reli yote, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Lengo kuu lilikuwa shaba ya Zambia, nchi iliyotaka njia ya baharini isiyopita Rhodesia wala Afrika Kusini. Abiria wa bondeni hawakuwa sababu ya kujengwa kwake, lakini ndio walioitumia kwa shauku kubwa kuliko ilivyotazamiwa.

Behewa la kulala lina ujia mwembamba upande mmoja na vyumba upande wa pili. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili sita, vitatu kila upande. Kitanda cha kati hukunjwa mchana ili watu wakae. Wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, isipokuwa wenzi au familia wakilipia chumba kizima. Daraja la tatu ni viti tu, na humo ndimo bonde lilimosafiri: magunia ya mchele chini ya viti, mikungu ya ndizi mlangoni, kuku kapuni, samaki wakavu wa mto Kilombero wamefungwa kwenye vikapu. Dirisha la kufunguka lilikuwa duka. Treni iliposimama, biashara ilifanyika kwa mikono iliyonyooshwa, na mara nyingi mzigo ulitangulia kuingia kwa dirisha kabla ya mwenyewe kupita mlangoni.

Biashara hiyo ilipata treni yake, iliyoitwa kipisi, kwa kuwa ilikwenda kipande tu cha reli na kusimama katika vituo vidogo. Wafanyabiashara, wengi wao wanawake, waliitumia kupeleka mpunga na ndizi za bondeni nyanda za juu, na kurudi na viazi, maharage na mahindi. Katikati ya miaka ya 1990, mizigo ya Zambia ilipopata tena njia za kusini, uongozi wa reli ulitaka kupunguza huduma za vituo vidogo. Wanavijiji walipinga kwa barua. Mwanahistoria Jamie Monson amelieleza sakata hilo katika kitabu chake cha 2009 kuhusu reli hii, naye anastahili shukrani, kwani historia ya abiria wa daraja la tatu huandikwa kwa nadra.

Behewa la chuma huanza kuoza chini. Maji ya chooni na unyevu wa masika hula sakafu na kingo za milango, wakati magurudumu na fremu bado ni imara. Behewa likiondolewa kazini huvunwa vipuri, kisha mwili hungoja kuuzwa kama chuma chakavu.

Katika kuliokoa lisiuzwe hivyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 haisaidii sana, kwa kuwa ulinzi wake wa moja kwa moja ni kwa vitu vya kabla ya 1863, wakati Afrika Mashariki haikuwa na reli hata moja. Mfano wa karibu uko Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa 1971. Hapo limehifadhiwa behewa ambamo ofisa wa polisi Charles Ryall alishambuliwa na simba na kuuawa, kituoni Kima, mwaka 1900.

Njia nyingine ya kuhifadhi hupita Ifakara yenyewe. Tangu 1993 kampuni ya Rovos Rail ya Pretoria huleta hadi Dar es Salaam treni ya kitalii yenye mabehewa ya kale yaliyokarabatiwa. Yanaweza kufika kwa sababu TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kama reli za kusini. Reli ya Kati ni ya mita moja, ndiyo maana tangu 1998 shehena huhamishwa Kidatu. Lakini mabehewa hayo yamegeuzwa ndani kuwa vyumba vya kifahari vyenye bafu, na historia yanayoibeba si ya bonde.

Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, na reli ikifufuliwa, mabehewa ya zamani huondolewa. La kuwekwa kando kwanza lingepaswa kuwa la daraja la tatu, likiwa na viti na madirisha yake, namba yake ya usajili na rangi yake ya awali. Kipande cha reli ya pembeni Ifakara au Mang'ula, paa la kulikinga na mvua, na kumbukumbu za safari zake kutoka karakana vingetosha kuanzia.